Matuta Thelathini ya Adriano

Dar es Salaam,
2 Mei 1976

Mwalimu Silvana,

Najua umeigeuza bahasha mara mbili kuhakikisha mwandiko ni wangu, maana tangu Krismasi sijakuandikia. Nimekosa, nisamehe, tuendelee.

Bendi yetu ya Kishindo imepata kazi kubwa. Kuna watu wanatengeneza filamu ya dereva wa trekta anayepelekwa kijiji cha ujamaa, akafika huko akampenda mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Wanataka wimbo mmoja wa mapenzi. Muziki wa dansi wameukataa, wanataka magitaa yetu ya roki, yale ambayo baba yako alipoyasikia redioni alisema ni mabati yanayong'olewa na upepo. Anayeongoza filamu ni Bwana Atusaye, mtu wa Mbeya, mpole lakini haridhiki upesi. Anasema, "Nipeni wimbo ambao mkulima akiusikia atasema, huyu anatujua."

Philipo, kiongozi wetu, amenipa mimi kazi ya maneno kwa sababu wengine wote wamezaliwa mjini. Silvana, nimeaibika. Katika wimbo wa kwanza nilisema macho ya mpenzi yanang'aa kama taa za trekta. Atusaye aliuliza kama huyo mpenzi anaumwa. Katika wa pili nilisema moyo wangu unanguruma. Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha vijiti.

Sasa nakuomba wewe unayekaa huko na kuwaona watu. Kwetu mtu akipenda hufanyaje? Simaanishi posa na mshenga, hayo nayajua. Namaanisha kabla ya hapo, wakati mtu bado yuko peke yake na jambo lake. Niandikie kisa kimoja cha kweli, majina yaache. Tunarekodi mwisho wa Julai.

Msalimie kaka yangu Modesti, na umwambie lile shati nililompelekea si la kuvalia shambani.

Mimi,
Adriano


Kate, Ufipa,
19 Mei 1976

Dada Agnesi,

Shikamoo. Natumaini wagonjwa wako wanakuachia nafasi ya kulala, na kwamba baridi ya Chanji, hapo Sumbawanga, si kali kama ya huku. Hapa asubuhi watoto wanaandika huku mkono mmoja uko kwapani.

Nina mambo mawili, na yote yameingia nyumbani wiki moja.

La kwanza, Fanueli ameleta mshenga. Unamfahamu, ni yule bwana shamba wa kutoka Mbeya mwenye pikipiki. Ni mtu mzuri, sina la kumsema vibaya. Baba anampenda kwa sababu husikiliza habari za ng'ombe mpaka mwisho. Baba amemwambia mshenga arudi Jumapili ya kwanza ya Agosti, ulezi ukishavunwa, na jibu nitalitoa mwenyewe kwa kinywa changu mbele ya wazee.

La pili, Adriano kaandika. Anataka nimweleze jinsi watu wa Ufipa wanavyopenda, apate kutunga wimbo. Ananiuliza mimi, dada. Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama mlangoni pa darasa la tatu, na watoto wakapata mapumziko marefu kuliko yote ya mwaka huu.

Kisa cha matuta unakijua wewe peke yako. Unakumbuka mwaka 1969 tulipokuwa darasa la saba, kila mwanafunzi alipewa matuta thelathini kwenye shamba la shule, na asiyemaliza haandikishwi kufanya mtihani. Adriano akalala na homa wiki tatu. Nikawa naamka kabla ya kengele ya misa, nalima yake kwanza, halafu yangu. Kumi ya mwisho niliyalima viganja vikiwa na malengelenge. Alipona, akafanya mtihani, akafaulu, akaenda sekondari mbali, na huko ndiko alikojifunza gitaa. Hakuniambia hata asante. Nikajisemea kwamba amejua, na ameamua kunyamaza ili nisimtegemee. Nimeishi na jibu hilo miaka saba, nikalizoea.

Nampenda. Nakuandikia wazi kwa sababu hapa siwezi kulitamka hata chumbani, mama ana masikio makali. Lakini sitampa Fanueli moyo nusu, wala sitamngoja mtu aliyekwishanijibu kwa kimya. Nimebakiwa na wiki kumi. Niambie nifanyeje.

Mdogo wako,
Silvana


Kate,
22 Mei 1976

Adriano,

Kisa chako ni hiki, nacho ni cha kweli.

Palikuwa na mtu aliyempenda mwenzake. Mwenzake alikuwa na matuta ya kulima na hakuweza kuyalima. Huenda mjini umesahau ntumba zetu, kwa hiyo nakukumbusha: mvua zikielekea kwisha unakata bonge la majani pamoja na udongo wake, unalipindua, unaliwekea mengine kandokando mpaka tuta linakuwa la mviringo na majani yote yamelala ndani. Juu unapanda maharage. Majani yanaoza humo taratibu, na mwaka unaofuata tuta linatawanywa, ulezi unapandwa.

Basi mtu huyu alikwenda kila alfajiri akamlimia mwenzake, akaondoka jua likiwa halijatoka. Hakumwambia mtu. Na huku kwetu, unajua, ukishamlimia mtu kwa siri huwezi tena kwenda kumwambia "ni mimi." Ukisema, unakuwa kibarua anayefuata ujira.

Utauliza kiliishaje. Hakijaisha. Aliyelima hajasema, na aliyelimiwa sijui anafikiri nini. Ndivyo watu wa hapa wanavyopenda, kwa jembe na kwa mdomo uliofungwa. Kama wimbo wako utamfungua mtu mmoja mdomo, utakuwa umefanya kazi ya maana.

Usikibadilishe sana. Na hizo taa za trekta ziondoe kabisa.

Silvana


Dar es Salaam,
9 Juni 1976

Silvana,

Niliwasomea barua yako wenzangu wakati wa mazoezi. Philipo, ambaye hata msibani hupiga soga, aliomba niisome tena. Nikaenda kukaa nyuma ya ukumbi na gitaa, na kabla ya chakula cha mchana wimbo ulikuwa umekwisha. Unaanza hivi:

Nimefika, tuta langu limelimwa,
umande mbichi, mlimaji kaondoka.
Nani wewe unipendaye kwa jembe,
jina lako umelifukia wapi?

Kwenye mstari wa mwisho magitaa yote yanaingia pamoja, na baba yako asiposhika kofia itaruka. Atusaye aliusikiliza mara tatu, akavua miwani, akasema, "Huo." Katika filamu dereva ndiye anayemlimia mwalimu, na sehemu hiyo wameshaipiga picha.

Nikuambie kwa nini ulinijia upesi hivyo. Mimi nimewahi kulimiwa. Unakumbuka mwaka nilipougua darasa la saba? Kaka Modesti alinilimia matuta yote thelathini. Nilipopata nafuu nikamuuliza kama ni yeye, akainamisha kichwa akasema, "Aa, mdogo wangu, kazi ni kazi." Nikampa jogoo wangu. Bila matuta yale nisingefanya mtihani, nisingekwenda sekondari, nisingeshika gitaa. Nilipokuwa natunga nilimfikiria yeye, na unene wake ule, akiamka alfajiri. Philipo anasema hajawahi kusikia mtu anatunga wimbo wa mapenzi huku anamwaza kaka yake, lakini maadamu umetoka vizuri hana neno.

Modesti ameniandikia pia kwamba kuna bwana shamba anayefika kwenu na pikipiki. Sijui kwa nini siku ile nilikata nyuzi mbili za gitaa, na za kwetu hazikatiki ovyo. Ni mtu mwema? Natumaini ni mtu mwema. Ukiona nimeuliza lisilonihusu, usijibu.

Adriano


Kate,
27 Juni 1976

Dada Agnesi,

Kaa chini kwanza. Hakujua.

Hakujua, dada. Miaka saba namkasirikia mtu ambaye anadhani Modesti ndiye aliyelima. Modesti, ambaye mpaka leo mkewe humwamsha kwa kumwondolea blanketi. Nilisoma mstari huo nikacheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kama ni habari za mshahara.

Shule ilipofungwa saa nane nikaenda moja kwa moja shambani kwake. Alikuwa anakata ulezi, amevaa lile shati.

"Kaka Modesti, jogoo wa Adriano alikuwa mtamu?"

"Jogoo yupi?"

"Wa mwaka sitini na tisa."

Akaweka kisu chini, akaangalia kushoto na kulia. "Mimi sikusema nimelima," akasema. "Nilisema kazi ni kazi. Yeye ndiye aliyeelewa alivyoelewa."

"Na jogoo?"

"Jogoo alikuwa ameshachinjwa, mwalimu. Ningemrudishaje?"

Nikamwambia aandike, tena aandike yote. Akaniuliza kwa nini nisiandike mwenyewe, mimi mwenye mwandiko mzuri. Nikamwambia sikulima ili nije kudai, na kama Adriano hawezi kujua ila kwa kuambiwa na mimi, basi bora asijue. Akatikisa kichwa akasema wanawake tuna kazi. Lakini ameapa ataandika kabla ya Jumapili.

Nina furaha ya kijinga, nakula nikitabasamu na mama ananitazama. Kisha nakumbuka kwamba mtu kutojua si sawasawa na mtu kupenda. Huenda atasema "asante sana, Silvana" na kunipelekea shati. Fanueli alipita jana kukagua maharage ya shule, akanisalimia vizuri kama kawaida yake, na sikuweza kumwangalia usoni. Tarehe moja Agosti haisogei.

Silvana


Kate,
11 Julai 1976

Kwa mdogo wangu mpendwa Adriano,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, unaendelea vema na kazi za ujenzi wa taifa kwa njia ya gitaa. Sisi huku wote wazima, isipokuwa mama anaumwa goti, na ng'ombe yule mwekundu kazaa ndama jike. Mvua zilikuwa nzuri. Ulezi ni mwingi. Maharage ya kijiji yamejaza ghala, mwenyekiti amefurahi. Shemeji yako anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Shati linakusalimu.

Barua hii nimeianza tarehe 29 Juni. Imekaa mfukoni mwa shati hilo siku kumi na mbili kwa sababu ya shughuli nyingi.

Mdogo wangu, kuna jambo dogo. Yale matuta sikuyalima mimi.

Ulikuwa mgonjwa, ulikuwa na furaha, umenishika mkono, na yule jogoo alikuwa mnene. Nikasema nitakueleza kesho. Kesho yake tulimla. Baada ya hapo ikawa vigumu. Lakini na wewe pia ni wa kulaumiwa kidogo, maana umekulia hapa. Mimi nikilima tuta linakuwa kama kichuguu, kila mtu anajua. Yale yalikuwa madogo, yamekazwa, yamepangwa kwa mstari ulionyooka. Mtoto mdogo angejua ni jembe la nani katika darasa lenu.

Ni Silvana. Alilima yako kabla ya yake, alfajiri, wiki tatu. Hakutaka niseme kwamba kanituma, kwa hiyo sisemi kwamba kanituma.

Jingine ni kwamba mshenga wa bwana shamba anarudi tarehe 1 Agosti kuchukua jibu. Mzee anampenda sana yule kijana. Silvana sijui. Anacheka peke yake njiani, na siku nyingine anapita bila kuitikia salamu. Mimi siyo mtu wa kuelewa mambo hayo, nimekuandikia tu.

Nisamehe. Jogoo nitakulipa ukija.

Kaka yako,
Modesti


TELEGRAMU
27 Julai 1976
Kwa: Muuguzi Agnesi, Hospitali, Sumbawanga

MFIKISHIE SILVANA KABLA YA JUMAPILI. NIMEJUA NANI ALILIMA. NAMPENDA. SI KWA SABABU YA MATUTA. BARUA INAKUJA. ADRIANO


Dar es Salaam,
28 Julai 1976

Silvana,

Barua hii itakufikia baada ya Jumapili, najua. Naiandika hivyo hivyo, maana telegramu haitoshi na karani alinihimiza nifupishe.

Barua ya Modesti imenikuta Jumatatu tukiwa studio, mitambo imeshawashwa. Nilikaa juu ya sanduku la ngoma nikaisoma mara mbili. Nikamwambia Philipo siwezi kuimba. Akauliza nani kafa. Nikampa barua asome, akawasomea wote, na walipofika kwa jogoo kazi ilisimama kwa kicheko muda wa saa moja.

Kisha nikamwambia Bwana Atusaye kwamba wimbo lazima ubadilike. Siwezi kuimba "nani wewe" wakati namjua. Akakataa, akasema picha ya dereva akilima ipo tayari. Nikamwambia basi atafute mwimbaji mwingine, kwa sababu aliyelima ni mwanamke, nami nimekwishamshukuru asiyehusika mara moja na sitarudia. Akaniuliza, "Huyo mwanamke yupo kweli?" Nikasema yupo, anafundisha Kate, na Jumapili anajibu posa ya mtu mwingine. Atusaye akachukua kofia yake, akasema, "Gari liko wapi?"

Basi jana tulikuwa nje ya mji kwenye nyasi, na mimi, mpiga gitaa, nikimfundisha mwigizaji wa mjini kukata bonge na kulipindua. La kwanza lilimwangukia mguuni, la pili lilikuwa la kupandia viazi. La kumi lilikuwa ntumba. Mpiga picha alilipiga kwa karibu, na mikono ya yule dada ilikuwa imetoka malengelenge kweli. Niliyaona nikaviwaza viganja vyako. Sasa katika filamu mwalimu ndiye anayelima, na dereva ndiye anayechelewa kujua. Ubeti wa mwisho nimeutunga ndani ya gari tukirudi:

Nilimshukuru asiyelima,
nikala naye, nikacheka naye.
Leo nimejua, nami nimechelewa,
nakupenda, hata kama nimechelewa.

Silvana, nakuomba uamini jambo moja. Sikupendi kwa ajili ya matuta. Nyuzi zile nilizikata kabla sijajua lolote. Kila nilipopata jambo la kuchekesha mjini huku, nilikuwa nalihifadhi nikuandikie wewe, halafu naona aibu naacha mpaka Krismasi. Nilidhani mtu kama wewe hawezi kumngoja mpiga gitaa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini hujaolewa. Nimekuwa mjinga kwa muda mrefu na bila mapumziko.

Kama umeshamkubali Fanueli, nitafurahi kwa ajili yako, nikijitahidi sana. Kama hujamkubali, niambie.

Adriano


Kate,
2 Agosti 1976

Adriano,

Barua yako bado iko njiani, kwa hiyo najibu telegramu peke yake. Lakini kwanza nikueleze jinsi mambo yalivyokwenda, kwa mpangilio wake, maana hapa kila mtu ameshaanza kuyasimulia kwa namna yake.

Alhamisi nilimwendea Fanueli mwenyewe, nikaona haifai asikie mbele ya watu. Nikamwambia kwamba hana kosa, ila moyo wangu uko kwa mwingine. Akauliza kama huyo mwingine anajua. Nikasema sijui. Akauliza kama ana nia ya kunioa. Nikasema sijui hilo pia. Akasema mimi ni mtu jasiri au sina akili, na kwamba kwa vyovyote maharage ya shule ataendelea kuyakagua. Ni mtu mzuri, nilikuambia. Au sikukuambia wewe, nilimwambia Agnesi.

Jumapili mshenga alikuja baada ya misa. Wazee wakakaa. Baba akaniita akasema, "Haya, mwanangu, sema." Nikasema nashukuru, lakini hapana. Baba akauliza sababu. Ningeweza kusema bado nataka kufundisha, na wangekubali, kila mtu angekwenda kula. Nikasema nampenda Adriano.

Nililisema kwa sauti, mbele ya baba, mama, mshenga, na Modesti aliyekuja kwa sababu ya nyama. Kisha nikasema habari ya matuta yote thelathini, tangu la kwanza. Jambo nililodhani lingeniua halikuniua. Mama alipiga makofi taratibu, kama anavyomsalimu mgeni wa heshima, na akaendelea kupiga mpaka shangazi zangu nao wakaanza. Modesti akasogea nyuma ya nguzo.

Baba akauliza, "Ndiye yule wa mabati?" Nikasema ndiye. Akauliza mabati yanamlisha mtu? Nikasema mimi ni mwalimu, njaa haitatukuta. Akamgeukia mshenga akamwomba radhi, akaagiza chakula kiletwe. Wakala wote.

Saa kumi lori la ulezi likasimama barabarani, na Agnesi akashuka amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika telegramu yako juu kama bendera. Gari alilopanda lilikuwa limeharibika tangu Jumamosi, akatembea, akapanda lori, akatembea tena. Alikuwa analia kwa kuwa amechelewa. Nikamwambia hajachelewa, kaa, kuna nyama.

Kwa hiyo usijisifu, Adriano. Nilipoifungua telegramu yako nilikuwa nimeshasema. Nilisema bila kujua kama unajua, na bila kujua kama unanipenda, na nilikuwa nimejiandaa kufundisha darasa la tatu mpaka nizeeke. Halafu nikaisoma. Nikaisoma tena uani, peke yangu. Sijawahi kufurahi namna hii tangu nizaliwe, na sioni sababu ya kukuficha.

Nakupenda. Nimekupenda tangu kabla ya matuta, matuta yalikuwa kazi tu.

Sasa tuma mshenga. Mtume yeyote unayemwamini, ila Modesti hapana. Baba yuko nyumbani siku zote isipokuwa Alhamisi, siku hiyo huenda Namanyere.

Silvana